Ushahidi Ni Juu ya Nani?



Kila aliyepata kukaa mbele ya kadhi, au hata kusimama mlangoni tu akasikiliza watu wakiteta juu ya shamba au mahari, aijua kanuni moja: mwenye kudai ndiye atakiwaye ushahidi, na mwenye kukanusha hana juu yake ila kiapo. Kanuni hii ni ya haki, na lau si hiyo, hapana mtu ambaye mali yake ingesalimika na ndimi za watu. Walakini kanuni ya haki yaweza kupinduliwa ikawa silaha ya dhalimu. Katika makala haya nataka tutazame pamoja namna ilivyopinduliwa katika jambo lililogusa pumzi ya kila mtu ulimwenguni, na namna watu wachache wa vyuo vikuu walivyoirudisha mahali pake. Kisha tujiulize, sisi watu wa pwani, jambo hili latuhusu nini.

Swali lenyewe ni hili. Mtu akija akamimina kitu kipya katika hewa tuivutayo au maji tunywayo, nasi tukamwambia kuwa twachelea kisitudhuru, naye akajibu, "Leteni ushahidi kuwa chadhuru, na mpaka muulete mimi naendelea," je, mwenye kudai hapo ni nani? Wengi katika sisi hudhani kuwa ni sisi tuliolalamika. Mimi nasema sivyo, na sababu zangu nitazieleza. Lakini kwanza kisa.

Mwaka 1921, huko Dayton katika Marekani, mtaalamu wa kampuni ya General Motors aitwaye Thomas Midgley aligundua kuwa petroli ikitiwa dawa ya risasi kidogo, injini ya gari huacha kugonga na hupata nguvu zaidi. Risasi niisemayo si ile ya bunduki, bali ni madini yenyewe, yale mazito na laini ambayo mafundi huyayeyusha kwa kuungia vyuma. Kuwa madini haya ni sumu haikuwa khabari mpya. Watu wa Roma ya kale walikwisha kuiandika. Mwaka 1923 petroli hiyo ikaanza kuuzwa. Oktoba 1924, katika kiwanda cha Bayway huko New Jersey, wafanyakazi watano waliokuwa wakiitengeneza dawa hiyo walikufa, akili zikiwa zimewaruka, na wenzao wengi wakalazwa hospitali. Midgley akawaita waandishi wa magazeti, akainawa dawa ile mikononi mbele yao na kuuvuta mvuke wake, ili waone kuwa haina neno. Hali yeye mwenyewe, kabla ya hapo, risasi ilikwisha kumwingia mwilini akaugua. Hicho ndicho kilikuwa kiapo chake.

Mei 1925 serikali ya Marekani iliita mkutano katika mji wa Washington. Hapo walisimama walimu wa vyuo vikuu kuonya. Mmoja alikuwa Daktari Alice Hamilton, mwanamke wa kwanza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Harvard, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akizunguka viwandani kutazama maradhi yawapatayo wafanyakazi. Mwingine ni Yandell Henderson wa Yale, aliyeonya kuwa madhara hayatakuja kwa kishindo. Yatakuja polepole na kwa siri, na watu watakapotambua, petroli hiyo itakuwa imekwisha kuenea kila mahali. Upande wa pili wakajibu: leteni ushahidi. Kamati ikaundwa, na Januari 1926 ikasema kuwa haikuona sababu ya kutosha ya kuikataza, lakini yafaa uchunguzi uendelee. Petroli ikarudi sokoni.

Uchunguzi uliendelea, lakini mikononi mwa nani? Kwa muda wa karibu miaka arubaini, sauti iliyosikizwa zaidi katika jambo hili ilikuwa ya tabibu mmoja, Robert Kehoe. Huyu alikuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Cincinnati, na papo hapo alikuwa tabibu mkuu wa kampuni ya Ethyl, iliyokuwa ikiuza dawa hiyo. Mwaka 1930 makampuni yenye faida katika biashara hiyo yalitoa fedha ikajengwa maabara yake chuoni. Sisemi kuwa alikuwa mwongo. Yawezekana aliyaamini aliyoyasema, na hilo ndilo la kutisha zaidi, kwani moyo wa mtu huelekea kule apatako riziki yake.

Fundisho lake lilikuwa kwamba risasi imo katika mwili wa kila mwanadamu kwa maumbile, kwamba mwili huitoa kama uiingizavyo, na kwamba chini ya kipimo cha maikrogramu 80 kwa desilita moja ya damu hapana la kuogopa. Alipotaka kuthibitisha kuwa ni ya maumbile, aliwapima wakulima wa Mexico waliokuwa wakikaa mbali na magari, akaikuta kwao pia. Lakini watu wale walikuwa wakipikia na kulia katika vyombo vya udongo vilivyong'arishwa kwa risasi! Na kila aliyelalamika aliambiwa: tuonyeshe aliyedhurika.

Tazama basi, ndugu, namna kanuni ya kadhi ilivyopinduliwa. Amiminaye sumu amekuwa ndiye mwenye kukanusha, hana juu yake ila kiapo. Mtoto aivutaye njiani amekuwa ndiye mwenye kudai, naye aambiwa akatafute mashahidi. Na mashahidi wenyewe, yaani maabara na vipimo na wenye ilimu, gharama zao zalipwa na yule yule amiminaye.

Aliyeivunja hoja hii hakuwa tabibu, wala hakuwa akitafuta ugomvi na mtu. Clair Patterson alikuwa mtaalamu wa mawe. Alitaka kuujua umri wa dunia kwa kuipima risasi iliyomo katika jiwe la kimondo, na mwaka 1956 alitoa jawabu lake: miaka milioni 4,550, na wataalamu mpaka leo hawajaliacha mbali. Lakini katika kazi hiyo alitaabika kwa miaka. Kila alipopima, risasi ilizidi hesabu. Ilikuwamo katika vumbi la chumba, katika maji, katika nguo, katika nywele za kichwa chake. Ikambidi ajenge, katika Taasisi ya Teknolojia ya California, maabara safi ambayo mfano wake ulikuwa haujaonekana, na kuviosha vyombo kwa tindikali, na kuisafisha hata hewa iingiayo. Ndipo akajiuliza: risasi hii yote yatoka wapi?

Akayapima maji ya bahari, akayakuta ya juu yana risasi nyingi kuliko ya kilindini. Maana yake ni kuwa yatoka juu, tena si zamani. Yeye na wenzake wakaipima barafu ya Greenland, ambayo hulala tabaka juu ya tabaka, mwaka baada ya mwaka, kama kurasa za kitabu. Wakaikuta risasi yapanda tangu zama za viwanda, na katika miaka ya petroli hiyo yapanda kwa kasi kubwa. Mwaka 1965 Patterson aliandika waziwazi kuwa kilichozoewa si lazima kiwe cha maumbile. Kehoe aliwapima watu waliokwisha kuchafuka, na kwa kuwa wote wamefanana akawaita wazima. Ni kama mtu aingiaye katika mji wenye homa, akaona kila mtu ana moto mwilini, akasema: basi huu ndio moto wa mwanadamu.

Malipo yake yalikuwa nini? Mkataba wa fedha za uchunguzi aliokuwa nao na jumuiya ya makampuni ya mafuta haukufanywa upya. Mwaka 1971, Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilipounda kamati ya kuitazama risasi ya hewani, jina lake halikuwamo, hali ni wachache mno waliokuwa wakiijua risasi kama yeye. Lakini hakunyamaza.

Wa pili alikuwa Herbert Needleman, tabibu wa watoto. Huyu alikusanya meno ya utotoni yaliyong'oka ya wanafunzi wa Chelsea na Somerville, karibu na Boston, kwa kuwa jino huiweka risasi kama sanduku liwekavyo nyaraka. Mwaka 1979 alieleza kuwa watoto wenye risasi nyingi menoni, ambao kwa macho hawakuonekana wagonjwa, walikuwa nyuma ya wenzao katika akili na utulivu darasani. Hapa ndipo ilipojulikana kuwa madhara hayangoji mtu aanguke. Mwaka 1991 alishitakiwa kuwa amefanya udanganyifu, na waliomshitaki walikuwa wamepata kuwa mashahidi upande wa wenye viwanda vya risasi. Yeye alitaka kesi isikizwe hadharani, si chumbani, na ilipokwisha hakuonekana na hatia ya udanganyifu.

Mwisho wake haki ilidhihiri. Petroli ya risasi ilianza kupunguzwa Marekani katika miaka ya 1970, na tangu tarehe 1 Januari 1996 ikakatazwa kabisa katika magari ya barabarani. Patterson alikuwa amefariki wiki chache tu kabla ya siku hiyo. Wastani wa risasi katika damu za watu wa nchi ile, ambao mwishoni mwa miaka ya 1970 ulikuwa maikrogramu 12.8 kwa desilita, ulipofika mwaka 1991 ulikuwa umeshuka hadi 2.8. Na kile kipimo cha Kehoe cha 80? Kwa watoto wakuu wa afya wa Marekani walikishusha hadi 10 mwaka 1991, kisha 5 mwaka 2012, kisha 3.5 mwaka 2021. Na Shirika la Afya Duniani lasema kuwa hapana kiasi chochote cha risasi kijulikanacho kuwa ni salama. Kwetu Afrika, nchi za kusini ya Sahara zilipatana huko Dakar mwaka 2001 kuiacha, na Januari 2006 zilikuwa zimeiacha. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako Nairobi, lilisimamia kazi hiyo duniani mpaka nchi ya mwisho, Algeria, ilipoiacha Julai 2021. Hesabu mwenyewe: kutoka siku ya Midgley hadi siku hiyo ni miaka mia. Miaka mia ya kumtaka aliyedhulumiwa alete mashahidi!

Sasa turudi kwenye swali letu. Nasema kuwa mwenye kudai ni yule amiminaye. Hewa si milki ya mmoja, wala kisima cha mtaa si milki ya mmoja. Mtu akija kisimani na ndoo ya kitu kigeni, yeye ndiye adaiye mambo mawili: kuwa ana haki ya kukimimina, na kuwa hakidhuru. Sisi hatudai kitu. Twataka kisima kibaki kama kilivyokuwa. Na mafaqihi walikwisha kutufundisha kuwa asili ya jambo hubaki mpaka ije yakini ya kuiondoa, na kuwa kuzuia madhara hutangulia kuvuta maslaha. Basi mzigo wa ushahidi ni juu yake, na autue kabla ya kumimina, si baada ya mazishi.

Atasema mtu: "Ukimtaka kila mwenye kitu kipya alete ushahidi, hakutajengwa kiwanda, nao vijana wetu wanaketi vibarazani bila ya kazi." Jambo hili si la kupuuzwa, kwani njaa nayo ni madhara. Lakini mzigo hupimwa kwa ukubwa wa hatari. Hapana amtakaye mwuza mikate ushahidi kama wa mwenye kuyeyusha sumu. Tena tusidanganyike kuwa hapakuwa na njia nyingine. Hata katika miaka ile ya 1920 ilijulikana kuwa spiriti ikichanganywa na petroli nayo huizuia injini kugonga. Risasi ilipendwa kwa kuwa ni rahisi, na kwa kuwa kampuni yaweza kuimiliki peke yake. Aghlabu mtu akwambiapo "ni hili au njaa," yeye mwenyewe hayumo katika hao watakaolala na njaa.

Atasema mwingine: "Wenye ilimu nao ni wanadamu. Kehoe alikuwa wa chuo kikuu kama Patterson. Sisi tusiojua kupima tutamjuaje mkweli?" Hili ndilo swali gumu, wala sina jawabu la kulimaliza. Lakini shahidi hujulikana kwa alama. Kadhi humwuliza shahidi: una maslaha gani katika jambo hili? Basi nasi tuulize ni nani alipaye gharama za uchunguzi, na huyo alipaye atapata nini jawabu likiwa hivi au vile. Tuulize kama ameviweka vipimo vyake wazi, wengine wavirudie. Na tutazame afanyaje anaposhukiwa: je, ajificha nyuma ya cheo chake, au kama Needleman ataka mlango ufunguliwe watu wasikie? Tabibu mmoja akiwa ndiye peke yake mwenye maabara, mwenye vipimo na mwenye hukumu kwa miaka arubaini, hata akiwa mwema, huo si ushahidi. Ushahidi wataka zaidi ya mtu mmoja.

Nisije nikadhaniwa kuwa nasimulia mambo ya ng'ambo tu. Hapa Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru upande wa Mikindani, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kutoa risasi. Moshi wake uliingia majumbani, na maji yake machafu yakapita wachezapo watoto. Bibi Phyllis Omido alikuwa ameajiriwa hapo. Mwanawe mchanga akaugua, akatibiwa maradhi mengine, mpaka damu yake ilipopimwa ikaonekana risasi ndani yake. Mama huyu akaacha kazi, akaanza kupita mlango kwa mlango na ofisi kwa ofisi, akisema kuwa si mwanawe peke yake. Kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Na Julai 2020 mahakama ya mazingira na ardhi ya Mombasa ikaamuru watu wa mtaa ule walipwe shilingi bilioni 1.3. Hata hivyo kesi ikapandishwa rufaa, na watu wakaendelea kungoja.

Nataka uyatafakari haya, ndugu yangu. Mama mmoja ndiye aliyelazimishwa kuwa mwenye kudai, na tabibu, na wakili, na mpiga mbiu, yote pamoja, hali ana mtoto mgonjwa mgongoni. Tulikuwa wapi sisi wengine? Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Moshi wa Owino Uhuru ulikuwa kwetu kanda la usufi, kwa kuwa upepo haukuuleta Kibokoni wala Mji wa Kale.

Basi hapa ndipo ninapolitaka jambo la vyuo vikuu. Mji usio na watu wake wajuao kupima maji, hewa, udongo na damu, ni mji ambao daima utakuwa mwenye kudai asiye na shahidi. Imamu Ghazali katika kitabu chake cha Ihya aliihesabu tiba kuwa katika faradhi za kutosheleza: akipatikana wa kuisimamia, wengine wamesalimika, asipopatikana, mji mzima una dhambi. Tena aliwalaumu watu wa zama zake kwa kusongamana katika ilimu iletayo vyeo, hali miji mingine ilikuwa haina tabibu Mwislamu. Yeye alisema tiba. Kwa zama zetu, mwenye insafu hatakataa kuwa upimaji wa sumu katika kisima wangia mlango ule ule.

Wala tusiseme kuwa jambo hili si letu. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, wakipitacho watu kila siku pale Tudor, asili yake ni ile Taasisi ya Mafunzo ya Waislamu ya Mombasa, iliyoasisiwa mwaka 1948 kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, ya Aga Khan, na ya jamaa za Mabohora, ikapokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1951. Wazee wetu walitoa mali zao ili vijana wa pwani wajifunze ufundi. Jina limebadilika mara nyingi tangu hapo, mpaka kikawa chuo kikuu mwaka 2013, na Kilifi nako pana Chuo Kikuu cha Pwani. Milango i wazi. Swali ni nini tumwambiacho kijana wetu anapoingia. Wengi humwambia: kasome upate mshahara. Mshahara ni halali, wala sioni aibu ndani yake. Lakini ni wangapi tumwambiao: kasome ili siku moja mjane wa mtaani akikuletea chupa ya maji ya kisima chake, uweze kumwambia kwa yakini, anywe au asinywe, bila ya kuangalia kwanza ni nani atakayekasirika?

Kwa hivyo nausia mambo matatu. La kwanza, wenye mali watoao sadaka za visima watoe na gharama ya kuyapima maji yake, kwani kisima chenye sumu si sadaka. La pili, wazee wa mitaa waombwapo idhini au ukimya juu ya kiwanda, wamtake mwenyewe ushahidi, tena wa mpimaji asiyelipwa naye peke yake. La tatu ni kwa vijana waliosoma. Mwenye kujua ni shahidi, apende asipende. Akiuza ushahidi wake, amedhulumu; na akiuficha hali watu wanywa sumu, hakuwa mbali na aliyeuza. Patterson alinyimwa fedha, Needleman alishitakiwa, na Bibi Omido aliacha kazi yake hali ana mtoto mgonjwa. Ushahidi una gharama, nasi tusiwaache waulipie peke yao.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mwenye kuafikisha.